Vifungo vya Mgongoni

Tarehe 12 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwaka umeanzaje huko? Mgongo unasemaje, na hiyo cherehani mpya bado inakata uzi au imeshakubali kwamba wewe ndiye bosi? Mimi mzima. Chumba changu ni kilekile, na jirani wa juu bado anaburuta viti kila asubuhi kama mtu anayehama. Dereva wa basi alinifikishia salamu zako na mfuko wa vipande vya vitambaa. Nashukuru sana, vimeshapata kazi.

Sasa kaa kitako, maana sijui nianzie wapi. Shangazi, nimepewa chumba. Kile cha mwisho kwenye korido, chenye madirisha mawili, kilichokuwa stoo ya madawati mabovu. Mwenye shule aliniita ofisini, akatazama saa yake kama kawaida yake, akasema, "Mwalimu, haya, fanya hayo mambo yako. Muhula mmoja tu. Tarehe pili Aprili wazazi wanakuja kuangalia. Wakinung'unika, madawati yanarudi na wewe unarudi kuimbisha irabu." Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Madawati yote nimeyatoa. Rafu nimezishusha mpaka zikawa usawa wa goti langu. Kila kazi ina trei yake: kumimina maji, kung'arisha viatu, kupanga shanga, kugusa herufi nilizozikata kwenye karatasi ya msasa. Mtoto anachagua kazi mwenyewe, anaibeba mwenyewe, anaifanya mpaka atosheke, kisha anairudisha alikoitoa. Mimi nakaa kwenye kigoda kwenye kona. Nikiona mtu amekwama, nahesabu kimoyomoyo mpaka thelathini kabla sijanyanyuka. Mara nyingi nikifika ishirini ameshajikwamua, nami nabaki na makalio yangu palepale.

Jana mtoto wa miaka minne kamimina maji kutoka kwenye jagi mara kumi na saba. Yakimwagika, anachukua sponji, anafuta, anaanza upya. Hakuna aliyemtuma. Ile mara ya kumi na saba halikudondoka hata tone. Alinyanyua macho akanitazama kama mtu aliyejenga nyumba. Nilitamani kupiga kelele, nikajikaza.

Tatizo ni kwamba wanalowa, na mama zao wananirudishia maneno. Naomba aproni ishirini na mbili, za watoto wa miaka mitatu mpaka sita. Weka vifungo, si kamba, kamba zinawashinda. Vipimo nimeviandika nyuma ya karatasi hii. Najua una kazi nyingi, lakini hakuna mtu mwingine ninayemwamini na pindo.

Mwanao,
Kiherehere


Tarehe 27 Januari

Kiherehere mwanangu,

Marahaba. Mgongo upo, umezeeka pamoja nami, hatugombani. Cherehani imetii. Mwalimu wa kwaya ameniletea suruali ileile kwa mara ya nne niipanue kiunoni. Nimemwambia kitambaa cha ndani kimekwisha, sasa zamu ya kupungua ni yake. Shemeji yako wa mtaa wa pili anakusalimu, anauliza utaolewa lini. Nimemjibu una watoto ishirini na mbili tayari.

Najua utaniuliza tena kwa nini sipokei simu. Simu nimeifungia kwenye kabati la nyuzi. Nikiongea nayo nakata kitambaa vibaya. Mwenye neno na mimi aliandike.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani, na bado sijaona mahali unapofundisha. Mtoto anamimina maji. Haya. Halafu? Mimi nimemimina maji miaka sitini na hakuna aliyenipa cheti. Mtoto anang'arisha viatu. Baba yake hana mikono? Na wewe unakaa kwenye kigoda unahesabu mpaka thelathini. Mshahara wanakupa wa kuhesabu?

Hayo mambo umeyatoa wapi? Kwangu hukuyatoa. Kwangu ulivishwa, ulilishwa, ulichanwa nywele, ukatoka mlangoni unang'aa. Hakuna siku uliyokwenda shule kifungo kimekaa upande, na walimu walikuwa wananiambia, "Huyu mtoto ana mtu." Mtoto kuwa na mtu, hiyo ndiyo elimu ya kwanza. Mengine yanafuata.

Lakini aproni nitakushonea, usije ukasema shangazi yako ana roho mbaya. Nimepata kitambaa cha bluu kizito, hakichuji. Nitazishona kama ninavyoshona nguo zote za watoto, na pindo mara mbili. Nimeshakata kumi na nne.

Unijibu swali langu.

Shangazi yako


Tarehe 15 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama. Huku wote wazima, hata jirani wa viti.

Mzigo ulifika Jumatatu, nikaenda kuuchukua stendi mwenyewe. Aproni ni nzuri ajabu. Ile bluu imetulia, mifuko imekaa sawasawa, na pindo zako nilimwonyesha mwalimu wa darasa la jirani akasema hajawahi kuona mashine inayoshona hivyo. Nikamwambia si mashine, ni mtu. Watoto walizishika, wakazinusa. Asante sana, na Mungu akuzidishie nguvu za mikono.

Kazi inaendelea. Niandikie habari za mwalimu wa kwaya.

Mwanao


Tarehe 22 Februari

Kiherehere,

Marahaba. Mwalimu wa kwaya hajapungua.

Mimi nimekulea, mwanangu, usinizungushe. Barua yako ya kwanza ilikuwa kurasa tatu, ukinieleza tone la maji. Hii ya pili ni kipande cha karatasi kama cha kuombea ruhusa. Umesifia rangi, umesifia mifuko, umesifia pindo. Hukusema lolote juu ya vifungo. Vifungo sitini na sita, vitatu kila aproni, matundu yote nimeyadarizi kwa mkono mpaka dole gumba likaota sugu. Mtu akiacha kutaja kitu kilichomchukua mwenzake siku nane, kuna jambo.

Sema. Vimekatika? Havipiti? Na swali langu la mwanzo pia hujalijibu. Naona unayarundika.

Shangazi yako


Tarehe 3 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Umenishika pabaya, na heri umenishika, maana nilikuwa sipati amani. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujafura.

Vifungo viko mgongoni.

Kosa ni langu, sikukuandikia viwe wapi. Nilidhani inajulikana. Nilipofungua ule mzigo nikaona aproni zote ishirini na mbili zinafungwa kwa nyuma, nilizigeuza moja moja kutafuta hata moja ya mbele. Miaka yote umeshona nguo za watoto zinazofungwa mgongoni, ili mbele pakae safi na mkubwa amfunge mtoto. Ndivyo nguo ya mtoto inavyoshonwa, sikulaumu. Lakini mimi nilitaka avae mwenyewe. Siku ya kwanza walipanga foleni mbele yangu, migongo ishirini na miwili, kila mmoja anasubiri nimfunge. Nilifunga mpaka nikafika wa mwisho, na wa kwanza akataka kwenda msalani. Asubuhi nzima ikaishia kwenye vifungo. Mwenye shule alipita mlangoni, akatazama saa, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilikuandikia ile barua fupi jioni hiyohiyo. Sikujua nikuambie nini.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Siku ya nne nilichelewa kuwafunga kwa sababu jagi lilivunjika na nilikuwa naokota vigae. Kuna mtoto wa miaka mitano tunamwita Mkaguzi. Yeye hana dogo, kila kitu anakagua, hata kucha zangu. Akachoka kusubiri. Akamwambia mwenzake, "Nipe mgongo." Akamfunga. Wa nyuma yake akaona, akaanza kumfunga Mkaguzi. Mwingine akaja nyuma ya huyo. Nilipoinuka na vigae vyangu mkononi nilikuta mstari, na mstari umejikunja mpaka wa mwisho anafungwa na wa kwanza. Duara zima, Shangazi. Watoto ishirini na wawili, kila mmoja anamfunga wa mbele yake huku anafungwa na wa nyuma, ndimi nje, hakuna anayeongea. Ningefikiria mwaka mzima nisingeligundua.

Wanafanya hivyo kila asubuhi sasa. Walianza kwa nusu saa, sasa ni dakika saba. Wanaulizana, "Nimekubana?" Watoto ambao Januari walikuwa hawajuani majina. Usithubutu kunishonea nyingine zenye vifungo mbele.

Kuna mmoja tu anayebaki nyuma ya wenzake, na ananipa hofu. Ni msichana wa miaka minne, tunamwita Polepole, na jina limemkaa. Mama yake ni keshia wa duka kubwa, vidole vyake vinakimbia kuliko macho, na hana subira kabisa. Anamvisha viatu binti yake mlangoni kwangu huku mtoto amenyoosha miguu kama mwanasesere. Ameshaniambia waziwazi kwamba siku ya wazazi atasimama aseme mwanawe anapotezewa muda, na wazazi wengine wanamsikiliza sana. Akisema yeye, chumba kimekwenda.

Njoo, Shangazi. Tarehe pili Aprili. Panda basi la asubuhi, nitakupokea stendi. Nataka ulione hilo duara kwa macho yako.

Swali lako nitalijibu ukija.

Kiherehere wako


Tarehe 18 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kukujibu kwa sababu kwanza nilikasirika, halafu nikacheka, halafu nikakasirika tena.

Miaka arobaini na moja nashona, na nguo ya mtoto haijawahi kurudi kwangu. Vifungo mgongoni vina sababu yake. Mtoto hawezi kuvichezea, havimkwaruzi kifuani, na mtu akimfunga anampapasa mgongo kidogo, anajua kama ana homa. Wewe nilikufunga vya mgongoni mpaka una miaka kumi na miwili na sikukusikia ukilalamika hata siku moja.

Hilo duara lakini nimelifikiria. Juzi nilikuwa nakata gauni la bibi harusi nikajikuta naliwaza, nikapitisha mkasi nje ya chaki. Sitakuambia ni kiasi gani.

Nakuja. Nitavaa lile gauni la zambarau, wazazi wajue una kwenu. Na huyo keshia mwonyeshe mimi, nitakaa karibu naye. Vidole vyake na vyangu tutaviona.

Shangazi yako


Tarehe 4 Aprili

Shangazi,

Shikamoo.

Dereva ameniambia ulifika salama. Nilimtafuta stendi jana na leo, mpaka akaniambia njia nzima hukugusa chakula. Tafadhali kula vizuri na upumzike.

Sijui niyaandike vipi haya. Nimekukosea, na nimekukosea mbele za watu. Watoto wote walikuwa wameshafungana, amebaki Polepole na kifungo kimoja, cha chini kabisa kwenye mgongo wa Mkaguzi. Chumba kizima kinamsubiri. Wazazi wamebanana ukutani, mwenye shule yuko mlangoni. Niliona mama yake anainuka. Niliona na wewe unainuka, mkono umeshaunyoosha. Nikasema, "Kaeni." Nikamtazama mama yake, halafu nikakutazama wewe, nikasema tena, "Shangazi, kaa."

Mimi nimekuambia wewe, kaa. Wewe uliyenilea. Sauti yenyewe ilikuwa ya mwalimu, haikuwa ya mtoto wako. Niliona uso wako ulivyobadilika. Ulichukua mkoba wako, ukapita nyuma ya wazazi, ukatoka. Nilitaka kukukimbilia na sikuweza, maana ningeondoka mimi, mama yake angefika kwenye kile kifungo kabla sijafika mlangoni.

Nisamehe kwa jinsi nilivyosema. Nimepiga magoti hapa ninapoandika, na si maneno tu. Lakini kwamba nilisema, hilo siwezi kukudanganya, Shangazi, ningesema tena.

Uliniuliza haya mambo nimeyatoa wapi. Nimekuwa nikikwepa tangu Januari. Nimeyatoa bweni. Ile sare uliyonishonea ilikuwa na vifungo sita mgongoni. Wiki ya kwanza sikuweza kuivua, na niliona aibu kumwomba mtu, msichana wa miaka kumi na miwili. Nililala nayo siku tano. Siku ya sita matroni alinikuta naikata kwa wembe. Nilikuandikia kwamba ilichanika kwenye uzio. Sikukuambia ukweli kwa sababu kila mshono wa ile sare ulikuwa wa mapenzi, na mimi nilijua hivyo, hata nilipokuwa naukata.

Yaliyofuata siku ile baada ya wewe kutoka sitakuandikia sasa. Sina moyo wa kusimulia kabla sijajua kama bado unanisoma.

Mwanao


Tarehe 29 Aprili

Kiherehere,

Marahaba. Nakusoma. Nilikusoma siku ileile barua ilipofika, na siku zote baada ya hapo.

Huku wazima. Bibi harusi ameolewa. Gauni liliingia kwa shida, nikasema ni mtindo.

Kwanza tumalize la adabu. Umeniambia kaa mbele ya watu, nami nimekusamehe, hilo limekwisha, usilirudie kwenye barua wala kwa mdomo. Na uinuke hapo ulipopiga magoti, utachafua nguo.

Pili, sikutoka kwa sababu uliniambia kaa. Umejipa ukubwa usio wako. Nilitoka kwa sababu nisingeweza kukaa. Nilijaribu ile hesabu yako. Nilifika thelathini, nikaanza upya, nikafika tena. Yule mtoto kidole kimeteleza mara tano, mdomo umeanza kumtetemeka, na mikono yangu ikaanza kwenda yenyewe, sikuituma. Mimi kifungo kile nakifunga kwa nusu pumzi. Ningebaki humo ningekifunga, hata ungenifokea mbele ya serikali nzima. Nikaona heri nitoke nisikuharibie. Nilipofika kwenye korido nililia. Mfagizi akaniuliza kama kuna msiba.

Sasa na mimi niseme yangu. Ile siku nilipokupeleka bweni, getini, wenzako wamesimama na masanduku yao, nilikugeuza nikakufunga kifungo cha shingoni kilichokuwa kimefunguka. Ulisema, "Shangazi, niache." Ulisema kwa sauti ndogo, lakini nilisikia. Nikajifanya sijasikia, nikakaza na cha pili. Kwa hiyo si kweli kwamba hukulalamika. Mimi ndiye niliyeandika uongo huo.

Na si siku hiyo tu. Una miaka mitano ulikuwa umekaa kwenye ngazi unajifunga kiatu, umeshapitisha kamba, imebaki kuvuta tu. Nikakupokonya. Nilisema tunachelewa, na hatukuwa tunakwenda popote. Kaka yangu alikuleta kwangu una miaka mitatu, mama yako amezikwa wiki ile, akasema, "Mshike mpaka aweze kujitegemea kidogo, nitakuja kumchukua." Mpaka aweze. Basi nikahakikisha huwezi. Sikukaa nikapanga, sikuwa mbaya kiasi hicho, lakini mikono yangu ilijua. Ulipokuwa huwezi kufunga kiatu, ulikuwa wangu. Hakuna mtu duniani niliyemwambia haya, na leo namwambia uliyefanyiwa.

Siku tano, mwanangu. Ningejua ningekuja kwa miguu.

Nimekaa wiki tatu na jambo moja linanisumbua, na halina uhusiano na mimi wala wewe. Yule mtoto asubuhi ile kabla ya wazazi kujaa aliniletea glasi ya maji. Aliibeba kwa mikono miwili kutoka kule kwenye rafu mpaka kwenye kiti changu, hatua kama za kuku, nikamaliza kusali sala nzima hajafika. Akasimama mpaka nikanywa yote. Halafu akaondoka na glasi kuirudisha alikoitoa. Sasa ninashona, naona vile vidole. Napika, naona vile vidole.

Chumba utaniambia baadaye. Mama yake utaniambia baadaye. Niandikie hilo moja tu. Alikifunga?

Shangazi yako


Tarehe 6 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako nimeisoma nimesimama pale stendi, dereva akaniuliza kama nahitaji kiti.

Alikifunga.

Dakika kumi na moja, mwenye shule ndiye aliyezihesabu. Ulipotoka, mama yake alibaki amesimama, mkoba mkononi, haketi wala haendi. Mkaguzi, mwenye huo mgongo, hakugeuka hata mara moja. Alikunja mikono kifuani akasema kwa sauti ya mtu mzima, "Mimi sina haraka." Kuna mzazi alicheka, na ndani ya chumba pakalegea kidogo. Polepole alifuta vidole kwenye aproni yake, akakishika kifungo kwa mkono mmoja na tundu kwa mkono mwingine. Kikateleza. Akapiga magoti apate kukiona vizuri. Mama yake naye akashuka, taratibu, akakaa sakafuni na sketi yake ya kazini, uso wake ukawa sawa na wa mwanawe. Hakugusa kitu. Nilimwona ameikalia mikono yake. Na hapo kikapita, upande mmoja kwanza, akakivuta, kikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi, nilikuwa nimewaomba wasipige. Mkaguzi akasema asante, akaenda kuchukua jagi. Mama yake ndiye aliyelia. Mtoto akamtazama, akamletea sponji.

Mwenye shule hakutaka kusema mengi. Wazazi wawili wamewahamisha watoto wao, wamesema wazi kwamba hawalipi ada mtoto akafundishwe kufuta maji, na sikuwabembeleza. Ishirini wamebaki. Keshia alisimama kweli kama alivyoahidi, akasema maneno manne: "Mimi wangu yuko hapa." Akakaa. Chumba ni changu mpaka mwisho wa mwaka, na kile cha jirani nitapewa Januari. Niliposikia hivyo nilirudi nyumbani nakimbia, mtu mzima mimi, na mkoba unanipiga mgongoni.

Hayo mengine uliyoniandikia nimeyaweka mahali. Nitayajibu nikikuona, si kwa sababu nayakwepa safari hii. Kwa sasa jua tu kwamba baba aliponifuata nina miaka tisa, na mimi nikakataa kuondoka, haikuwa kwa sababu ya viatu. Viatu hata yeye angenifunga.

Kuna kitu kimoja sikukuandikia mwezi ule, kwa sababu kiliniuma mno. Kifungo kilipokaa, Polepole hakumtazama mama yake kwanza, wala mimi. Aliinuka akageukia kiti chako. Akakiona kitupu, akaja mpaka kwangu, akanivuta sketi. "Bibi wa gauni la zambarau yuko wapi? Hajaona." Nikamwambia umetoka kidogo, nitakuandikia. Tangu siku hiyo kila asubuhi akiingia, kabla hajavaa aproni, ananiuliza kama nimekuandikia. Nimekuwa nikimjibu bado, bado, kwa siku thelathini na nne. Kesho nitamwambia ndiyo. Najua swali litakalofuata ni unakuja lini, na hilo, Shangazi, siwezi kumjibia mtu mwingine.

Kiherehere wako, anayekungoja pamoja na mwenzake